Dorcas, Nguruwe wa Jaji Pruett

Kila uchaguzi ulipokaribia, Jaji Barzillai Pruett alimfunga nguruwe wake utepe wa buluu shingoni, akamleta uwanjani mbele ya mahakama ya Tamarack, akapanda juu ya kisiki na kuhutubia. Hotuba yenyewe wilaya nzima iliijua kwa moyo, na watoto waliiigiza njiani wakitoka shule.

"Nilifika Illinois na kitabu kimoja cha sheria na suruali moja," alianza Jaji, sauti ikitokea tumboni. "Suruali ilichanika mwezi wa kwanza. Mteja wangu wa kwanza hakuwa na senti, akanilipa kitoto cha nguruwe. Wakili mwingine angemla kabla jua halijatua. Mimi nilimlea! Na huyu hapa, jamani, huyu hapa Dorcas, bado yu hai, ushahidi kwamba Barzillai Pruett hasahau alikotoka!"

Makofi. Kofia juu. Wako waliokuwa wakinong'onezana kwamba nguruwe wa miaka kumi na minne angepaswa awe bibi kizee asiye na meno, wakati huyu alisimama imara kama msichana wa kuposwa. Jaji aliwasikia, akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Haki haizeeki," alisema, "na nguruwe wangu pia."

Kando ya ngazi alisimama mkewe, Keziah, mikono ndani ya shali, akitazama viatu vyake. Ndivyo alivyosimama kila uchaguzi. Watu walisema ni haya za mke mwema, wakamsifu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye mikono ya kazi na macho yaliyojua mengi kuliko yalivyotaka kujua.

Safari hii makofi hayakufika mwisho. Kutoka nyuma ya umati alijipenyeza mwanamke mrefu, mkavu kama ufito, mtoto kiunoni, akaenda moja kwa moja mpaka kwa yule nguruwe na kumwinamia usoni.

"Mandy," alisema. Kisha akainuka. "Huyu nguruwe ni wangu."

Alikuwa Thankful Crail, mke wa Jasper Crail, watu wa kule kwenye kijito, ambako ardhi ni mbaya na watoto ni wengi.

"Mama Crail, umefananisha," alisema Jaji kwa upole, kwa kuwa mwezi uliokuwa mbele ulikuwa wa kura.

"Nimfananishe nani? Huyu nimemlea jikoni kwangu, kwenye sanduku, pembeni ya jiko. Nimemnyonyesha maziwa kwa kitambaa. Katupotea wakati wa theluji, na tumbo lake hilo hapo, anakaribia kuzaa. Nimjue mtoto wa jirani nisimjue nguruwe niliyemlea?"

"Alama mliyomkata sikioni ni ipi?"

"Mikato miwili, sikio la kushoto. Nenda kamuulize karani, imeandikwa kwake."

Umati wote ukaegemea mbele kulitazama sikio la kushoto. Palikuwa na kishina tu, kimekunjamana. Mbwa wa mtu alikuwa amekwisha kulitafuna.

"Na alama yangu," alisema Jaji, akifurahi kama aliyeokota, "ni mkato mmoja, sikio lilo hilo la kushoto. Kwa hiyo, mama, ushahidi wako umo tumboni mwa mbwa."

Watu wakaangua kicheko. Thankful Crail hakucheka. Alimpakata mtoto vizuri, akageuka kumtazama Keziah pale kando ya ngazi, akamtazama kwa muda, kisha akaondoka zake. Keziah aliendelea kukagua viatu.

*

Jasper Crail alikuwa mtu asiyesema, mwenye kofia mkononi hata akiwa peke yake. Lakini watu wa namna hiyo wakishika jambo hawaliachii. Alimshtaki Jaji kwa hakimu mdogo wa kata, na hakimu mdogo akamwamulia Jaji kabla Jasper hajamaliza kukaa. Jasper akakata rufaa. Rufaa ikaenda pale sheria inapozipeleka rufaa zote: kwenye mahakama ya mzunguko ya Tamarack, ambayo jaji wake ni Barzillai Pruett.

Wilaya nzima ilicheka mpaka mbavu zikauma. Jaji naye alicheka, ila si sana. Mpinzani wake katika uchaguzi, wakili mmoja wa mji wa pili mwenye ndevu zilizochanwa, alikuwa amekwisha kuanza kusema kwenye mikutano kwamba yeye hana nguruwe yeyote, wake wala wa mwenzake.

"Nitaketi pembeni," Jaji alimwambia mkewe wakati wa kifungua kinywa, akipaka siagi juu ya mkate wa mahindi. "Nitamweka wakili Quimby kwenye kiti siku hiyo. Ni desturi, hakuna wa kulalamika. Nikishinda, nimeshinda mbele ya mtu mwingine. Nikishindwa, Keziah, wataniita mwizi wa nguruwe mpaka kaburini, na kiti nimekikosa."

"Bwana Pruett," alisema Keziah, "huyo nguruwe..."

Jaji akainua kidole.

Hapa yafaa yule mume atendewe haki. Barzillai Pruett hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumpiga mkewe wala kumtukana, na alimsifia chakula hata kilipoungua. Lakini miaka ya kukaa kwenye kiti ilikuwa imemlemaza kidole. Mkewe akianza neno, kidole hupanda chenyewe. "Hayo umeambiwa, hukuyaona," humwambia. Au, "Jibu lililoulizwa, Keziah." Aliwahi kulikataa pingamizi lake kuhusu chumvi ya supu.

"Usiniambie kitu kuhusu nguruwe huyo," alisema sasa. "Kesi iko mahakamani. Na hata ukiniambia, ni neno la mke. Mbele ya sheria mume na mke ni mtu mmoja, na mtu hawezi kujishuhudia. Nimekwisha kuamua hivyo mara nyingi."

"Najua umeamua."

"Basi. Nisogezee asali."

Akamsogezea asali. Na ukweli aliokuwa nao kinywani akaumeza na kahawa, kama alivyoumeza jana yake na juzi.

Ukweli wenyewe ni huu. Dorcas alikufa mwezi wa Februari. Jaji alikuwa mzungukoni, kama alivyokuwa nusu ya kila mwaka, akipanda farasi kutoka mji hadi mji na kundi la mawakili nyuma yake, wakilala wawili wawili katika vitanda vya nyumba za wageni. Wakili Asa Quimby ndiye aliyekuwa mwenzake wa kitanda, na aliujua mkoromo wa Jaji kuliko Keziah. Asubuhi moja ya baridi kali Keziah alikwenda bandani na ndoo ya makombo, akamkuta Dorcas amelala ubavu, amekauka. Alimzika chini ya mtufaha. Wiki haijapita, akaja nguruwe jike mwenye sikio lililoraruliwa, akisukuma lango kwa pua, anatetemeka. Majira yale wachunga nguruwe walikuwa wakipitisha makundi makubwa kwenda machinjioni, na kila kundi huacha wachache porini. Keziah akadhani ni mmoja wa hao. Akafungua lango.

Jaji aliporudi alishuka kwenye farasi, akaenda bandani na mfuko wa mahindi, na Keziah akiwa dirishani akasikia sauti ya mumewe imejaa furaha: "Dorcas! Umenikumbuka, mama!" Baada ya hapo, wewe ungemwambiaje?

*

Siku mbili kabla ya kesi Thankful Crail alikuja mlango wa nyuma. Hakubisha. Alisimama uani na kikapu kidogo mpaka Keziah alipomwona.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nimeleta njugu za mwaloni. Akikaribia kuzaa anazipenda. Nikaona, hata kama ni wenu, tumbo halina kosa."

Keziah alipokea kikapu. Wakatembea pamoja hadi bandani, wakaegemea ubao, wanawake wawili wakitazama mgongo wa nguruwe.

"Unamlisha vizuri," alisema Thankful. "Amependeza."

"Makombo ya jikoni na mtindi."

"Mimi sina mtindi wa kumpa nguruwe. Watoto wanaumaliza." Akaanza kuhesabu vidoleni. "Niliwapangia wale wadogo sita, saba watakaozaliwa. Wawili tuuze, tumlipe fundi viatu anayetudai. Waliobaki tuchinje Desemba. Sasa sijui Desemba tutakula nini. Labda maneno ya Jasper, ila nayo ni machache."

Keziah alitaka kucheka na hakuweza.

"Utasema mahakamani?" aliuliza.

"Nani, mimi?" Thankful alimgeukia. "Hujui? Mwaka jana tulikuwa na kesi ya uzio. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu jirani aking'oa vigingi. Nikasimama niseme. Mumeo akanyoosha kidole hivi, 'Kaa chini, mama, mke hapokelewi.' Nikakaa. Jasper naye hakuruhusiwa, maana kesi ni yake. Wakaitwa watu ambao hawakuwepo, wakasema wasichokiona, na uzio ukaenda." Alisema bila hasira, kama mtu anayesimulia mvua ya mawe. "Basi safari hii sitajisumbua kusimama. Nilikuja kumwona tu."

Alikuna kishina cha lile sikio, na nguruwe akafumba macho kwa raha. Keziah akafungua kinywa. Neno lilikuwa pale pale, limekaa ulimini, zito kama kokoto. Lakini aliona kiti cha mumewe, na ndevu zilizochanwa za yule mpinzani, na wilaya nzima ikimwimbia Barzillai wimbo wa mwizi wa nguruwe, na kinywa kikafunga chenyewe. Aliionea haya nafsi yake. Alimjazia Thankful kikapu mayai, na Thankful akayatoa moja moja na kuyapanga juu ya ubao wa banda.

"Watasema umeninunua," alisema, akaenda zake na kikapu kitupu.

*

Siku ya kesi watu walijaa mahakamani mpaka madirishani. Quimby, mwembamba, pua ndefu, alikalia kiti cha Jaji kwa utamu wa mtu aliyekuwa akikiota. Katika miaka yao ya kuzunguka pamoja Jaji alikuwa amemtoza faini kwa mizaha kila mji waliopita, na faini yenyewe kwa desturi yao ilikuwa ni mtungi wa mvinyo wa tufaha kwa mawakili wote.

"Mdaiwa ameketi vibaya," alianza Quimby. "Mguu juu ya kiti cha mbele. Mtungi mmoja."

"Asa, mahakamani kwangu mwenyewe..." alisema Jaji.

"Na anamwita hakimu kwa jina. Mitungi miwili."

Ukumbi ukachangamka. Mashahidi wakaitwa, na kwa kuwa kila aliyemjua nguruwe yule alikuwa amezuiwa na sheria, waliitwa wasiomjua. Mhunzi aliapa kwamba nguruwe wa Jaji anamfahamu kwa sauti.

"Umewahi kumsikia huyu?" aliuliza Quimby.

"Huyu hasa, hapana. Nimesikia nguruwe."

Mwalimu wa shule akasema kwamba uso wa nguruwe yule una heshima fulani, na heshima hiyo huwezi kuipata kule kijitoni. Jasper Crail alisimama, akaigeuza kofia mara kadhaa, akasema, "Ni wetu," akakaa. Quimby akawaambia wazee wa baraza kumi na wawili wasilisikie neno hilo, maana mwenye kesi haruhusiwi kushuhudia.

"Sasa nani aliyeruhusiwa?" akauliza Thankful kutoka benchi la nyuma, mtoto akinyonya.

"Yeyote asiyehusika, mama."

"Yaani asiyejua."

"Mama, hiyo ndiyo sheria," alisema Quimby, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakutabasamu. "Na katika wilaya hii imekaziwa na Jaji Pruett mwenyewe."

Kisha Jaji akasimama kujitetea, akiwa wakili wa nafsi yake. Alianzia kwenye suruali. Alipofika kwenye kile kitoto cha nguruwe sauti ikapasuka, na haikuwa maigizo: machozi yalimtoka ya kweli. Wazee wawili wa baraza wakatoa leso. Keziah, mstari wa tatu, aliona machozi ya mumewe. Mtu analilia nguruwe aliye chini ya mtufaha, na hajui.

Mzee wa baraza mmoja akainua mkono. Je, hawawezi kumwona nguruwe mwenyewe? Quimby akasema wanaweza, na mahakama yote ikamiminika uwanjani, ambako nguruwe alikuwa amefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya farasi, utepe wake wa buluu shingoni.

"Mwachilieni," alisema yule mzee. "Nguruwe humjua anayemlisha. Kila mmoja wa wanawake hawa wawili amwite."

"Kumwita nguruwe si kutoa ushahidi," aliamua Quimby. "Mama Crail."

Thankful alimkabidhi Jasper mtoto. Akakinga viganja mdomoni na kuita, sauti ndefu yenye kupanda na kuvunjika, wito ambao kila mwanamke wa pande zile anao wake na haufanani na wa mwenzake. Nguruwe akanyanyua kichwa. Akaanza kutembea, tumbo likisugua vumbi, akafika nusu ya uwanja. Hapo upepo ukamletea harufu ya aproni ya Keziah. Akasimama. Akageuza pua huku, akageuza kule, hana pa kwenda.

Watu walishangilia kama kwenye mbio za farasi.

"Keziah!" alipaza Jaji, uso umemwiva kwa matumaini. "Sema, mke wangu! Mwite Dorcas!"

Keziah akapiga hatua moja mbele. Alijua kwamba akiita tu, kesi imekwisha. Kwa miezi mitatu mnyama yule hakula ila mkononi mwake. Upande wa pili Thankful alikuwa amekwisha kushusha mikono. Hakumtazama Keziah kwa kusihi. Alikuwa amemchukua tena mtoto na kumtengeneza kofia, kama mtu anayejiandaa kurudi nyumbani. Ni hilo lililomshinda Keziah.

"Siwezi kumwita," alisema.

"Umepoteza sauti?"

"Sauti ninayo, Bwana Pruett. Dorcas hawezi kuja. Yuko chini ya mtufaha, tangu Februari."

Quimby alikohoa.

"Mama Pruett, wewe ni mke wa mdaiwa, na sheria imeniziba masikio. Wazee wa baraza, hamkusikia kitu."

"Tumesikia vizuri sana," alisema yule mzee.

"Mlichosikia hamkukisikia."

Jaji alikuwa amesimama vile vile, kidole kimeishia nusu ya njia. Kila mwanasheria pale uwanjani alijua alichokijua yeye: neno la mke limefutwa, na nguruwe amesimama katikati. Angenyamaza tu, angeshinda, maana akina Crail hawakuwa na ushahidi. Ndevu zilizochanwa zilikuwa pale pembeni, zinangoja.

"Keziah," alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia mahakamani, "kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukaniomba asali."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka kinu cha maji. Jaji akangoja kiishe. Kisha akaenda mpaka katikati ya uwanja, akapiga magoti vumbini na suruali yake ya mahakamani, akahangaika na fundo la utepe huku nguruwe akimnusa sikio. Fundo lilikuwa gumu. Alikuwa amelifunga mwenyewe asubuhi kwa mapenzi. Lilipofunguka akautia utepe mfukoni, akaokota kamba iliyokuwa ikiburutika vumbini, akaiweka mkononi mwa Jasper Crail.

"Wakili Quimby," alisema akijipangusa magoti, "neno la mke halipokelewi. Neno la mdaiwa dhidi ya nafsi yake hupokelewa. Nimeshindwa. Mwambie karani aandike."

Jasper aliitazama kamba, akamtazama Jaji. "Ahsante," alisema. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

*

Jioni ile Jaji alikwenda kusimama chini ya mtufaha bila kofia. Alipoingia jikoni, supu ilikuwa mezani. Alikula kidogo, akaweka kijiko.

"Ulimzika peke yako?"

"Peke yangu. Ardhi ilikuwa jiwe. Niliwasha moto juu yake kwanza ndipo jembe likaingia."

"Maskini wewe." Akafuta macho. "Maskini Dorcas. Miaka kumi na minne."

"Minne," alisema Keziah.

"Nini minne?"

"Yule alikaa nasi miaka minne. Dorcas wako wa kwanza alikufa mwaka ule ulipochaguliwa. Wa pili alipigwa na radi, na yule wa Februari alikuwa wa tatu. Mandy wa Mama Crail ni wa nne."

Jaji alimtazama mkewe, kinywa wazi, na supu ikapoa.

"Lakini kila nikirudi alinikumbuka!"

"Walikukumbuka wote, Bwana Pruett. Ulikuwa na mahindi."

Kwanza alikasirika, na uso ukawa zambarau. Kisha kitu kikamtekenya, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, na Keziah naye akacheka, mara ya kwanza tangu Februari. Walipochoka, Jaji aliuliza, bado anahema:

"Kwa nini, Keziah? Nisingekuuma."

Keziah alizikunja kingo za aproni yake.

"Kila ukirudi safari ulikwenda bandani kwanza," alisema. "Ukitoka huko umefurahi, ndipo unaingia jikoni. Niliogopa siku utakayokuta banda tupu utaingia huku ukiwaje."

Kicheko kikamtoka Jaji usoni. Alikaa muda mrefu akitazama mlango, kama mtu anayezihesabu safari alizorudi na kuupita mlango huo kwenda bandani.

"Kuna mengine nisiyoyajua?" aliuliza mwishowe.

"Yapo."

"Mengi?"

"Ongeza kuni kwanza."

Akaongeza kuni. Akarudi, akaketi. Keziah alipoanza tu kusema, kidole kikaanza kupanda kwa mazoea yake. Jaji akakiona, akakishusha, akaukalia ule mkono.

*

Mwezi wa Juni watu wa wilaya walimsifu sana Barzillai Pruett kwa uungwana wake, wakampigia kura mpinzani wake. Wakulima walisema ni mtu mwema kupita kiasi, ila jaji asiyemjua nguruwe wake atamjuaje mwizi? Alirudi kuwa wakili wa kawaida. Mteja wake wa kwanza alikuwa Jasper Crail, kesi nyingine ya uzio, na jirani yule yule. Mke wa Jasper bado hakuruhusiwa kusema mahakamani, lakini wakili wake alikuwa amemkalisha jikoni kwake siku nzima akimsikiliza, na mashahidi walioitwa safari hii walikuwa watu waliopita njia ile siku ile. Akina Crail walishinda. Thankful alileta malipo mwenyewe ndani ya kikapu, yakipiga kelele, yana mkia.

Majira ya majani kupukutika wakili Pruett alirudi kutoka mzungukoni, wiki nyingi za matope na mkoromo wa Quimby. Farasi alisimama bandani mwenyewe, kwa mazoea. Kitoto cha nguruwe kilipenyeza pua katikati ya mbao na kulia. Pruett alishuka, akampiga farasi kofi la upole mgongoni, akapita, na viatu vyake vichafu akaingia jikoni moja kwa moja.

Keziah aligeuka, unga mikononi, akashtuka.

"Kuna mtu bandani anakungoja," alisema.

"Atangoja," alijibu mumewe, akavuta kiti. "Haya, mke wangu. Ilikuwaje hapa nikiwa safarini?"